Volti Zinazopotelea Chini ya Kiti

Anayetoka Mbinga mjini alfajiri ya Juni au Julai hatoki bila sweta. Mji uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya Umatengo vilivyo juu zaidi, kwenye mashamba ya kahawa na ngolo, yaani mashimo ya kilimo cha Wamatengo, hufunikwa na ukungu mpaka jua lichomoze sawasawa. Akishateremka kilomita 66 za lami hadi Mbamba Bay, sweta limeshatupwa nyuma. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, na joto lake halina mzaha. Akigeukia kaskazini kufuata ufuko kuelekea Lundo na Liuli, vumbi linamlazimisha kufunga vioo, na shati linaanza kugandia mgongoni.

Ni safari chache Tanzania ambazo ndani ya asubuhi moja zinamfanya dereva atamani kiti cha moto na kiti cha baridi. Magari yenye viti hivyo yapo barabarani: Land Cruiser V8 za daraja la juu, Lexus, Range Rover, Mercedes-Benz, BMW na mengineyo yaliyotumika kwanza ughaibuni kabla ya kushushwa bandari ya Dar es Salaam. Vitufe vyake viko karibu na gia au kwenye dashibodi, vina picha ya kiti, mistari mitatu ya moshi kwa upande wa joto na feni ndogo kwa upande wa ubaridi. Wamiliki wengine hawajawahi kuvigusa. Wengine wamevigusa, wakaona taa ya kitufe inawaka, inakaa sekunde chache, kisha inazima yenyewe.

Taa hiyo inayozima ndiyo inayowala watu fedha. Fundi wa kwanza atasema kiti kimekufa. Wa pili atasema kontroboksi imeungua. Wa tatu atapendekeza kiti kizima kiagizwe Ilala, Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, na kikishafungwa taa itawaka sekunde zilezile na kuzima. Mara nyingi kiti hakina kosa. Kontroboksi yake imepima umeme unaoifikia, ikaona volti zimepungua au zimezidi, ikakataa kufanya kazi. Kwa maneno mengine, kiti kimegeuka kuwa shahidi wa ugonjwa ulio kwingine garini.

Kiti cha joto si kitu kigeni. Cadillac ya Marekani ilianza kukiuza kama nyongeza mwaka 1966, na Saab ya Sweden, nchi ya theluji, ikakiweka kama sehemu ya kawaida ya gari mwaka 1972. Hicho ni waya mwembamba ulioshonwa ndani ya sponji. Umeme ukipita, unapata moto kama ule wa pasi, ila kwa upole. Ubaridi ulichelewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Saab ilileta kiti chenye feni za kupitisha hewa kwenye vitundu vya ngozi, na Lincoln Navigator ya mwaka 2000 ikaja na kiti cha kampuni ya Amerigon, ambayo siku hizi inaitwa Gentherm, chenye uwezo wa kupoza na kupasha kwa kifaa kimoja. Msingi wa kifaa hicho uligunduliwa mwaka 1834 na Jean Peltier, Mfaransa aliyekuwa fundi saa kabla ya kuhamia fizikia: umeme ukipitishwa kwenye maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja hupoa na wa pili hupata joto. Ukigeuza chanya na hasi, pande zinabadilishana.

Jambo hilo la mwisho lina kisa chake gereji. Kiti cha Peltier kikishaunganishwa upya na mtu aliyekata nyaya bila kuweka alama, abiria anabonyeza baridi na kuanza kuungua makalio. Hakuna kilichoharibika. Nyaya mbili zimebadilishana nafasi, basi.

Magari mengi yanayokuja kwetu, hata hivyo, hayana Peltier kitini. Yana waya wa joto na feni, na chini ya kiti kuna kontroboksi ndogo inayoongoza vyote viwili, inayosoma sensa ya joto na kuzungumza na kompyuta nyingine za gari kwa laini ya data. Hapo ndipo tofauti na kiti cha 1966 ilipo. Kile cha zamani kikipata volti 10 kilipasha kidogo. Kikipata 15 kilipasha zaidi. Hiki cha sasa kinahoji umeme kabla ya kuupokea.

Kina sababu. Betri ya gari dogo ikiwa imejaa na imetulia husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwaka na altaneta ikiwa nzima, kipimo hupanda na kucheza kati ya 13.5 na 14.7. Viti viwili vya mbele vikiwashwa kwa nguvu zote vinaweza kula ampea kumi au zaidi, na ndiyo maana watengenezaji wengi wamevipanga viwe miongoni mwa vitu vya kwanza kuzimwa umeme ukipungua, ili gari libaki na nguvu ya kuwaka kesho. Usukani, breki na taa haviwezi kusubiri. Mgongo wa bosi unaweza.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kiti, fundi makini huanzia mbele, chini ya boneti, na mita yake. Anapima betri injini ikiwa imezimwa, anapima wakati wa kupiga stata, anapima injini ikiwaka huku taa kubwa, feni ya hewa na viti vyote vimewashwa. Volti zikishuka chini ya 13 wakati injini inaunguruma na mzigo uko juu, altaneta au mkanda wake una maswali ya kujibu. Zikipita 15, rekuleta, yaani kidhibiti volti cha altaneta, imechoka, na kiti kinafanya vyema kujizima. Akibadilisha mita kwenda kipimo cha umeme wa mawimbi na kuona zaidi ya nusu volti kwenye betri, kuna daiodi ya altaneta iliyokufa, inayopeleka umeme wenye makunyanzi ambao kompyuta nyingi haziupendi.

Baada ya hapo ndipo inafaa kupiga mashine. Na hapa pana hadaa ya bei nafuu. Vile visomaji vidogo vya Bluetooth vinavyochomekwa chini ya usukani vimeenea sana, lakini vingi husoma makosa ya injini tu, yale yanayoanza na herufi P. Makosa ya kiti hukaa kwenye kundi la bodi, herufi B, au la mawasiliano, herufi U. Kwenye magari ya Ford na Lincoln, kwa mfano, kosa U3003 linahusu volti za kontroboksi yenyewe: likifuatwa na 16, umeme ulioifikia ulikuwa pungufu, likifuatwa na 17, ulizidi. Kisomaji cha bei ya chee kitasema gari halina kosa, mwenye gari atafurahi, na kiti kitaendelea kuzima.

Kosa la volti pungufu likishaonekana, na betri pamoja na altaneta zikawa nzima, swali linabaki moja: volti zinapotelea wapi kati ya betri na kiti? Mafundi wengi hukosea hapo, na kosa lao ni la kupima vizuri kwa wakati mbaya. Wanachomoa soketi chini ya kiti, wanachomeka ncha za mita, wanasoma 12.5, wanatangaza kwamba umeme unafika na kiti ndicho kibovu.

Soketi iliyochomolewa haipitishi umeme wowote wa maana. Mita inaonja tu. Ni kama bomba la maji ya mserereko lililozibwa na tope katikati. Funga koki, kipimo cha msukumo kitaonyesha msukumo wote. Fungua koki ujaze ndoo, maji yanatoka kwa matone.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kiti chenye waya wa joto wenye ukinzani wa omu 2.4. Kwa volti 12 kitavuta ampea 5 na kutoa wati 60, joto la kutosha kwa asubuhi ya Mbinga. Sasa pini moja ya soketi imeshika kutu na kuongeza omu 0.6, kiasi ambacho mita ya kawaida inaweza hata isikione vizuri. Ukinzani wote umekuwa omu 3, ampea zimeshuka hadi 4. Kiti kinapata volti 9.6 badala ya 12, na wati zake zimeporomoka hadi 38. Volti 2.4 zilizopotea zimebaki kwenye pini, zikitoa wati 9.6 za joto kwenye kipande cha chuma chembamba kama njiti ya kiberiti. Ndiyo maana soketi hizo hukutwa zimebadilika rangi kuwa kahawia, plastiki imelainika, na wakati mwingine harufu ya kuungua imeshasikika garini kwa wiki kadhaa bila mtu kujua inakotoka. Kontroboksi nayo, ikiona 9.6, inaandika kosa na kuzima. Soketi ikichomolewa, kila kitu kinasoma 12.

Dawa ni kupima kiti kikiwa kinafanya kazi. Soketi inabaki imechomekwa, na fundi anapenyeza ncha nyembamba za mita kwa nyuma ya pini. Ncha nyekundu inakaa kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye waya wa chanya unaoingia kitini, kitufe kinabonyezwa. Mita hapo haipimi volti zilizofika. Inapima zilizopotea njiani. Ikisoma nusu volti au chini yake, waya una afya. Ikisoma mbili, fundi anarudi nyuma hatua kwa hatua, kwenye rilei, kwenye fyuzi, kwenye maungio, mpaka aone namba inapobadilika ghafla. Kisha anarudia upande wa hasi: ncha moja kwenye waya wa hasi wa kiti, nyingine kwenye hasi ya betri. Huku anatakiwa kuwa mkali zaidi. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.1 hadi 0.2, kuna boliti mahali fulani kwenye bodi inayohitaji msasa.

Waya wa hasi ndio unaosahaulika kuliko wote. Hauna fyuzi, hauna rangi ya kuvutia, umefungwa kwa boliti moja chini ya zulia, na gari zima linautegemea. Baadhi ya magari yaliyotumika Japani yameishi kaskazini mwa nchi hiyo, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Chumvi hiyo hupanda sakafuni kwa viatu na kukaa chini ya zulia miaka yote. Gari likifika Ruvuma linang'aa kwa rangi mpya, lakini boliti ya hasi imeshaanza kuliwa kabla halijapanda meli.

Yanayofuata tunayafanya wenyewe. Kijana wa kuosha magari anamwaga ndoo ya maji ya sabuni juu ya viti vya ngozi, maji yanatiririka kwenye vitundu vya hewa na kuishia kwenye kontroboksi. Beseni la usipa linawekwa kiti cha abiria kutoka mwaloni, na ingawa maji ya Nyasa hayana chumvi, maji ya samaki kwenye soketi hayaachi kitu salama. Gunia la kahawa linapandishwa kitini kwa goti, na uzito ule unakata waya wa joto uliojificha ndani ya sponji. Waya uliokatika ni rahisi kuujua, kwa kuwa ukinzani wake hauna kikomo na haupitishi ampea yoyote, na hapo kweli kiti ni kibovu. Kava nene la viti, lile linalouzwa kwa sifa ya kulinda ngozi, linaziba njia ya hewa kiasi kwamba feni inahangaika bure. Halafu kuna reli. Kiti cha umeme husogea mbele na nyuma maelfu ya mara, na fungu la nyaya chini yake huvutwa na kusuguliwa. Kiti kinachofanya kazi dereva mrefu akiendesha, kikakataa dereva mfupi akikisogeza mbele, kimeshasema chenyewe pa kutafuta.

Kuna hatari moja ambayo ukanda huu una sababu ya kuiogopa kuliko mingine. Wilaya ya Mbinga ina makaa ya mawe ya Ngaka, na malori yanayoyabeba yanaonekana barabarani kila siku. Gari dogo likigoma kuwaka, msamaria wa kwanza kusimama anaweza kuwa dereva wa lori, na lori kubwa hutumia volti 24, betri mbili zilizounganishwa mkia kwa kichwa. Waya za kubusti zikifungwa ncha za mwisho za betri hizo mbili na kupelekwa kwenye gari la volti 12, gari linaweza kuwaka kwa kishindo, na kontroboksi kadhaa zikafa kimyakimya, ya kiti ikiwemo. Betri moja tu kati ya zile mbili ndiyo inayofaa kutoa msaada, na lori liwe limezimwa. Uchomeleaji wa bodi bila kufungua vichwa vya betri huleta majanga ya aina hiyohiyo.

Mita nayo inaweza kumdanganya mkweli. Kontroboksi nyingi za kisasa hazipunguzi joto kwa kupunguza volti. Hukata na kuachia umeme mara nyingi kwa sekunde. Kiti kikiwekwa kiwango cha kati, mita ya kawaida inaweza kuonyesha volti 6, ambazo ni wastani wa volti 12 zinazokuwepo nusu ya muda. Fundi asiyelijua hilo atatafuta volti 6 zilizopotea mpaka jioni. Anatakiwa kupima kiti kikiwa kiwango cha juu kabisa. Sensa ya joto ina hadithi yake pia. Kontroboksi huipelekea volti 5 kupitia kikinzani, na joto linapopanda volti hizo hushuka. Ikisoma 5 kamili muda wote, waya wa sensa umekatika. Ikisoma sifuri, umegusana na bodi. Kwa hali zote mbili kiti kitazimwa kwa usalama, na hakuna betri mpya itakayobadilisha uamuzi huo.

Kuhusu fyuzi, inatosha kukumbuka rangi. Nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Fyuzi ya buluu iliyoungua mara mbili ikibadilishwa kwa ya kijani, au kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, haiungui tena. Kinachoungua sasa ni waya ulio chini ya zulia, na juu ya zulia kuna mtu amekaa.

Soketi za njano chini ya kiti zina amri yake. Hizo ni za eabegi ya ubavuni na mkanda wa usalama, na hazipimwi kwa mita ya kawaida wala balbu. Toyota hutaka betri ifunguliwe na kusubiriwa sekunde 90 kabla ya kuzigusa. Kwa gari lingine, fundi afuate kitabu chake. Na joto lenyewe si la kuchezea. Mwaka 2011 madaktari wa majeraha ya moto na watetezi wa usalama nchini Marekani waliiomba mamlaka ya usalama barabarani iweke ukomo wa joto la viti, baada ya watu waliopooza kuungua bila kuhisi. Mzee mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi yuko hatarini vilevile. Kiti kinachopasha kupita kiasi kizimwe hata kama asubuhi ni ya baridi.

Watengenezaji wenyewe wamepata tabu na anasa hii. Novemba 2021, dunia ilipokosa chipu za kompyuta, General Motors ya Marekani ilitangaza kuondoa viti vya joto na hewa kwenye aina kadhaa za magari yake. Mwaka uliofuata BMW ikauza joto la kiti kwa malipo ya kila mwezi katika baadhi ya nchi: waya upo, umeme upo, programu ndiyo imefunga mlango. Wateja walikasirika, na mwaka 2023 kampuni ikaachana na mpango huo. Hapo tena mita ingesoma volti sahihi na kiti kingebaki baridi.

Vifaa vya kazi hii havihitaji gereji ya Dar es Salaam. Mita ya kawaida, msasa, kipuliza cha kusafisha soketi, na balbu ya taa kubwa ya wati 55 iliyoungwa nyaya mbili. Balbu hiyo huvuta ampea zinazokaribia zile za kiti kimoja, kwa hiyo ikifungwa mwisho wa waya wa umeme unaotoka kwenye fyuzi, na soketi ikiwa imechomolewa, itauweka waya ule kwenye mzigo halisi. Ikiwaka nyeupe, waya mzima. Ikiwaka ya manjano hafifu, tatizo limepatikana. Isipelekwe kamwe kwenye nyaya za sensa, za data au za eabegi. Elimu nayo ipo jirani: VETA ina chuo Songea, na vijana wa gereji za Mbinga na Mbamba Bay wenye kiu ya umeme wa magari wana pa kuanzia.

Kwa mwenye gari, ombi ni dogo. Kabla ya kutoa fedha ya kiti au kontroboksi, simama karibu na fundi wakati anapima. Akichomoa soketi na kukuonyesha 12.5 kwenye mita, mwombe aichomeke tena, awashe kiti kiwango cha juu, apime upya chanya na hasi huku injini ikiunguruma. Zoezi hilo huchukua dakika chache. Akikataa, tafuta fundi mwingine.